Mwanasheria wa Zamu Yupo Mlangoni, Muulizieni

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa jumuiya yetu hapa Uingereza. Waliokosa kufika, pamoja na ndugu walioko nyumbani, waliniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.

 

Mwenyekiti aliponiomba nizungumze alidhani nitakuja na presha na sukari, maana kila nikishika kipaza sauti huwa ni hayo hayo. Leo aniwie radhi. Nataka kuzungumza habari ya mahakama. Najua wapo watakaojiuliza nesi na mahakama wapi na wapi. Mimi nafanya kazi idara ya dharura. Mtu anayepita mikononi mwetu usiku akiwa amevimba uso, wiki mbili baadaye anaweza kuwa mbele ya jaji, peke yake, hajui hata aanze na neno gani. Na mwingine analetwa na presha imepanda, ukifungua mkoba wake utafute dawa anazotumia unakuta na barua ya kutolewa kwenye nyumba. Presha yenyewe imetoka humo kwenye bahasha.

Kwanza siasa kidogo, maana bila siasa haya hayaeleweki. Nchi hii ilipitisha sheria ya msaada wa kisheria mwaka 1949, mwaka mmoja tu baada ya kuanzisha NHS. Fikra ilikuwa moja: mtu asikose daktari kwa sababu hana pesa, na asikose wakili kwa sababu hana pesa. Daktari bado tunaye, foleni zake mnazijua. Wakili ndiye aliyekatwa. Sheria iliyopitishwa 2012 na kuanza kazi Aprili 2013 iliziondoa kesi nyingi za kifamilia kwenye msaada huo: talaka, kugombea watoto, mali za ndoa. Walisema watu wakapatane kwa msuluhishi. Kilichotokea ni kwamba watu walijaa kwenye korido za mahakama za familia wakijitetea wenyewe, na wetu wakiwemo, na Kiingereza chetu cha kuungaunga.

Lakini, ndugu zangu, hawakuondoa vyote. Watu wetu wengi walisikia kwamba msaada wa bure umefutwa, wakaishia hapo, wakaambiana msikitini, kanisani na kwenye harusi, na hadi leo ndivyo wanavyoamini. Vipo vipande vilivyobaki, na vilivyobaki ndivyo hasa vinavyotugusa sisi. Mtu anayepigwa au kutishwa nyumbani. Mtu anayekaribia kupoteza nyumba. Na mzazi ambaye ustawi wa jamii wamepeleka kesi mahakamani wamchukue mtoto: huyo anapewa wakili bila hata kuulizwa mshahara wake. Nimewaona wazazi wakienda kwenye vikao vya namna hiyo na mjomba aliyewahi kusoma sheria Dar es Salaam, na wakili wa bure alikuwepo wa kuomba tu.

Nianze na nyumba, maana najua hapa ndani wengi ni wapangaji.

Barua ikija, watu wetu wako wa aina mbili. Mmoja anaificha nyuma ya televisheni, Mungu atajua. Mwingine anaona aibu ya kupelekwa mahakamani, anafungasha na kuhama usiku kabla ya siku ya kesi. Huyu wa pili anajiumiza zaidi, kwa sababu akienda kaunsili kuomba mahali pa kukaa, kaunsili inaweza kumwambia: umejitoa mwenyewe, hukutolewa. Barua ya mwenye nyumba siyo amri ya mahakama. Kwa mpangaji wa kawaida, mpaka jaji aamue na maofisa wa mahakama waje, nyumba bado ni yako. Ukirudi kazini ukakuta kufuli limebadilishwa, mwenye nyumba huyo ametenda kosa la jinai, na sheria yake ni ya tangu 1977. Na mwenye nyumba akiwa Mswahili mwenzetu, sheria ni ile ile, msioneane haya. Ila anayekaa chumba ndani ya nyumba ya mwenyewe, jiko moja na choo kimoja, huyo ulinzi wake ni mdogo sana, anaweza kuambiwa aondoke kwa notisi ya kutosha tu bila mahakama. Ni vizuri kujua mapema uko kundi gani.

Sasa, tangu tarehe 1 Agosti 2023 ipo huduma England na Wales inayoitwa Housing Loss Prevention Advice Service. Jina refu, kazi nyepesi kueleweka. Ukishapata maandishi kwamba mwenye nyumba anataka nyumba yake, unaweza kumwona mshauri bure kabisa, naye anaangalia nyumba, madeni na benefiti kwa pamoja. Halafu siku yenyewe ya kesi, pale pale mahakamani, kuna mwanasheria wa zamu. Nalipenda neno hilo, wa zamu, kama sisi manesi. Yupo kwa ajili ya yeyote aliyeitwa siku hiyo kwa kesi ya kutolewa kwenye nyumba. Haulizi kipato chako. Unafika mapema, hata saa nzima kabla, unamwendea mtumishi anayeandika majina mlangoni, unamwambia unataka kumwona duty adviser. Maneno mawili hayo tu. Anakaa na wewe, anasoma makaratasi yako, mnaingia pamoja, anakusemea.

Kwa nini nasisitiza kufika mapema? Kesi hizi hupangwa kwa mafungu, nyingi asubuhi moja, na kila moja hupewa dakika chache. Chai yenu ya leo itachukua muda mrefu zaidi. Katika dakika hizo mwanasheria anaangalia mambo ambayo mimi na wewe hatuyaoni: notisi ilitolewa kwa utaratibu, amana yako iliwekwa kwenye mfuko unaotambuliwa, deni lililoandikwa ni la kweli au ni benefiti iliyochelewa. Anaweza kumwomba jaji ulipe kidogo kidogo ubaki ndani. Wewe ukiingia peke yako utaanza kueleza habari ya mgonjwa wako Tanga na kazi uliyoachishwa, jaji atakuonea huruma, na nyumba itakwenda.

Na mjue kwamba mambo yamebadilika. Kwa sheria mpya ya wapangaji ya mwaka 2025, kuanzia tarehe 1 Mei 2026 mwenye nyumba binafsi hapa England hatoi tena ile notisi ya kifungu cha 21, ya kumwondoa mtu bila kutaja sababu. Sasa lazima ataje. Na ile sababu ya deni ambayo jaji hana hiari nayo, zamani ilikuwa deni la miezi 2, sasa ni miezi 3. Watu wameshangilia, nami nimeshangilia. Ila kama kila kesi sasa ni ya kubishania sababu, basi asiyejua kubisha anamhitaji huyo mwanasheria wa zamu kuliko jana. Mwenye notisi ya kabla ya tarehe hiyo, ina taratibu zake, asikisie, aende akaulize.

Nije kwenye usalama. Hapa nitasema taratibu.

Kazi yangu hainiruhusu kusimulia habari za mgonjwa yeyote, na sitasimulia. Ninachoweza kuwaambia ni maneno ambayo kila nesi wa dharura anayajua. Nimeteleza bafuni. Mlango wa kabati umenigonga. Halafu mume anatoka kidogo kwenda kununua kahawa, na sauti inashuka: Sista, nikisema, watanirudisha nyumbani?

Nitalijibu swali hilo, lakini kwanza mjue anachoweza kupata. Kwa sheria ya familia ya 1996 mahakama inaweza kutoa amri ya kumkataza mtu asikupige, asikutishe, asikufuatefuate, wala asikutumie ujumbe wa kukutesa. Kiingereza chake ni non-molestation order. Ipo nyingine inayosema nani akae ndani ya nyumba na nani atoke. Maombi yanafanywa kwa fomu FL401, na mahakama haitozi ada yoyote kwa fomu hiyo. Jambo likiwa la hatari jaji anaweza kutoa amri siku ile ile kabla ya kumwita huyo mwanamume, au mwanamke, maana akina baba pia hupigwa na wana haki ile ile. Tangu Julai 2007 kuivunja amri hiyo ya kutobughudhiwa ni jinai, kifungo chake kinaweza kufika miaka 5. Siyo karatasi ya kubandika ukutani.

Wakili wa kuombea amri hii anapatikana kwa msaada wa serikali, na kipato chako hata kikizidi kiwango cha kawaida wanaweza kukiruhusu, ila unaweza kutakiwa kuchangia. Nawaambia hili la kuchangia kwa sababu sipendi mtu aende akidhani ni bure tupu kisha akate tamaa mlangoni. Kwa wanawake kuna pia huduma inayoitwa FLOWS, ya shirika la RCJ Advice, wanasaidia kuandaa maombi hayo bila malipo. Na katika baadhi ya mahakama wapo watu wa kujitolea wa Support Through Court, shirika lililoanza London mwaka 2001 kwa jina jingine. Hawa siyo wanasheria, hawakupi ushauri wa sheria, lakini wanakaa nawe, wanakusaidia kupanga makaratasi, wanaingia nawe ndani. Aliyewahi kukaa peke yake kwenye benchi la mahakama, na aliyempiga amekaa benchi la pili na ndugu zake wanne, anajua thamani ya mtu wa kukaa naye. Na hilo la benchi nalo lina dawa: iandikie mahakama kabla ya siku, omba chumba tofauti cha kusubiri na pazia ndani ya chumba cha kesi. Kwa kesi za familia zilizoanza tangu Julai 2022, sheria ya ukatili wa majumbani ya 2021 imezuia pia mtesaji kumhoji aliyemtesa yeye mwenyewe mbele ya jaji pale ambapo pana hukumu, amri ya ulinzi au ushahidi wa ukatili huo.

Hapa ndipo nesi anapoingia. Ukitaka wakili wa msaada kwa kesi ya watoto au ya talaka baada ya ukatili, wanataka ushahidi wa maandishi. Na miongoni mwa maandishi wanayokubali ni barua ya mtaalamu wa afya aliyekuona: daktari, mkunga, na nesi. Ndiyo, nesi. Mwanzoni walisema ushahidi uwe wa ndani ya miaka 2 tu. Shirika la wanawake, Rights of Women, likaipeleka serikali mahakamani, na Februari 2016 Mahakama ya Rufani ikasema kikomo kile hakikuwa halali. Kikawekwa cha miaka 5, na Januari 2018 kikaondolewa kabisa. Madaktari wa mtaani nao walikuwa wakitoza pesa kwa barua hiyo. Sheria ya 2021 imewakataza. Mambo haya yalipiganiwa na watu, hayakushuka yenyewe.

Kwa hiyo dada yangu, ukifika kwetu, mume akitoka kununua kahawa, sema. Hata kama huendi polisi, hata kama unarudi kwake usiku huo huo, sema iandikwe. Tukiandika kwamba umeteleza bafuni, miaka mitatu baadaye unapogombea watoto, karatasi hiyo itasomwa dhidi yako.

Sasa lile swali la kurudishwa. Msaada wa kisheria haumo katika orodha ya fedha za umma ambazo viza yako inakukataza kuzichukua. Serikali ilijaribu kuweka sharti kwamba lazima uwe mkaazi halali ndipo upate msaada huo, na Julai 2016 Mahakama ya Juu ikalitupilia mbali. Amri ya ulinzi hailindi wenye pasipoti nyekundu au ya bluu peke yao, inamlinda yeyote aliye hapa. Kwa aliyeletwa kwa viza ya ndoa na mtu mwenye uraia au ukaazi wa kudumu, ndoa ikivunjika kwa sababu ya ukatili anaweza kuomba ukaazi wake mwenyewe. Utaratibu huo una zaidi ya miaka ishirini. Na wakati anaandaa maombi anaweza kuomba ruhusa ya miezi 3 yenye haki ya benefiti. Tangu Februari 2024 ruhusa hiyo ya miezi 3 imefunguliwa hata kwa wenza wa wanafunzi na wafanyakazi, wakiwemo waliokuja na hawa wenzetu wa kazi za kutunza wazee. Lakini hao mwishoni hawana njia ile ya ukaazi wa kudumu, na mimi nasema wazi kuwa hiyo ni dhulma. Tahadhari moja: polisi hapa wanaweza kupeleka habari za mtu kwa Home Office. Kwa hiyo asiye na makaratasi amwone kwanza wakili wa uhamiaji wa msaada, au shirika la wanawake, kisha aamue. Msimsukume kwa simu ya 999 ila kama maisha yako hatarini, hapo hakuna kusubiri.

Kwa Waislamu wenzangu, neno moja, na masheikh wanisahihishe kwenye dini lakini kwenye sheria ya hapa niachieni. Nikah iliyofungwa hapa sebuleni bila kusajiliwa, kwa sheria ya Uingereza siyo ndoa. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo Februari 2020. Maana yake mkiachana huna dai la mali kama mke. Nikah ya Unguja au Mombasa iliyofungwa kwa sheria za kule ni habari nyingine, kwa kawaida inatambuliwa. Ila amri ya ulinzi haiulizi cheti, hata mliokaa pamoja tu inawahusu. Masheikh, wasajilini watoto wetu.

Kisha lugha. Kwenye kesi ya ukatili au ya watoto, mahakama yenyewe inatafuta mkalimani na kumlipa, ila lazima uombe mapema, na useme Kiswahili gani. Hili siyo dogo. Mama wa Kibajuni au wa Kibrava akiletewa mkalimani wa Kiswahili cha Dodoma, wanatazamana. Mkongo wa Bukavu vivyo hivyo. Na tafadhali msiwape watoto kazi ya kutafsiri. Mtoto wa miaka kumi atatafsirije jinsi baba yake alivyomkaba mama yake?

Najua wazee watasema mambo ya ndoa yana wazee wake. Nimelelewa hivyo hivyo, na nimeona ndoa nyingi zimeokolewa kwenye mkeka wa mzee mwenye busara. Sipingi mkeka. Lakini mzee hana uwezo wa kumweka mtu ndani kwa kuvunja ahadi aliyoitoa mkekani, na jaji anao. Mzee mwenye busara wa leo ni yule anayesema: binti yangu, hili limenizidi, twende mahakamani nikusindikize.

Ndugu mlioko nyumbani mtasema haya ni ya Ulaya. Siyo. Kenya ina sheria ya msaada wa kisheria ya 2016, Tanzania Bara ya 2017 iliyowatambua wasaidizi wa kisheria, na Zanzibar ya 2018. Tangu 2023 Tanzania imekuwa na kampeni ya Mama Samia inayozunguka mikoani, na nimewasikia jamaa wakiisifu. Nami siikatai. Swali langu kwa wabunge na wawakilishi wetu ni hili tu: kampeni ikishang'oa mahema, Jumanne ya kawaida, mama aliyeitwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au kwa Kadhi, atamkuta nani mlangoni? Zamu ya nani? Tunapenda sana uzinduzi, sisi. Ratiba ya zamu haina ngoma wala fulana, na ndiyo inayomsaidia mtu.

Na sisi tulio hapa tusiwacheke. Msaada huu wa hapa una mashimo makubwa. Zipo sehemu za nchi hii ambako ukitafuta wakili wa nyumba wa msaada wa serikali hupati hata mmoja karibu. Wengi wenu hamjui kwamba raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, yaani Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, akiwa na ukaazi halali hapa anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura hata ya ubunge. Tumekaa tunabishana usiku kucha uchaguzi wa nyumbani, na mbunge wa mtaa tunaoishi hatujamwandikia hata barua moja kuuliza mawakili wamekwenda wapi.

Ombi langu ni dogo. Jumuiya hii ina kamati ya misiba, na inafanya kazi nzuri, mtu akifariki saa nane za usiku ifikapo alfajiri pesa zimeanza kuchangwa. Nataka watu sita wa kujitolea, watatu wanawake na watatu wanaume, wenye Kiingereza kizuri na mdomo mzito wa kutangaza siri za watu. Kazi yao ni kusindikiza tu: kumwonyesha mtu mlango, kumtafuta mwanasheria wa zamu, kukaa naye kwenye benchi. Wasijifanye mawakili. Nimeweka karatasi pale kwenye meza ya chai. Na mwenye barua ya mahakama ambayo hajaifungua, aje nayo, nipo hapa mpaka saa kumi na moja jioni, tuifungue wote tusome tarehe.